Nilivyoandika KEVIN kwenye kofia ya binti yangu Faith

Wakuu, habari za leo. Hii ilinipata mimi mwenyewe pale Bondeni, Nakuru, na sijaongeza chumvi. Nikiikumbuka bado natafuta pa kuficha uso.

2007 binti yangu Faith alikuwa nursery. Mimi sikuwa nimekanyaga shule, kwa hivyo nikaingia gumbaru, masomo ya watu wazima. Tulisomea jioni kwenye darasa lile lile la nursery, magoti yakigusa kidevu.

Kila dawati lilikuwa limebandikwa jina la mtoto. Faith alinionyesha anapokaa, nikawa nakaa hapo hapo. Kusoma nilikuwa bado, ila kunakili niliweza. Nikalinakili lile jina mpaka nikaliandika bila kuangalia.

Jina la mtoto wangu! Nilijiona profesa.

Kumbe Faith alikuwa amehamishiwa kiti cha mtoto mwingine kwa sababu ya kelele, na jina lililobandikwa halikubadilishwa. (Mdomo alirithi kwangu.)

Siku ya graduation, mwalimu akagawa kofia za manila, kila mzazi aandike jina la mtoto wake. Wengine waliomba kusaidiwa. Mimi nikadaka felt pen, nikaandika kwa herufi kubwa: KEVIN.

Mama Kevin alikuwa kando yangu. Akaangua kicheko. "Mama Faith, kwani umeniibia mtoto?"

Faith akanivuta leso. "Mum, hiyo ni ya Kevin. Yangu inaanza na F."

Nikasema naenda choo. Nikaenda kusimama nje ya gate, na makofi aliyopigiwa mtoto wangu nikayasikilizia huko.

Baadaye mwalimu aliniambia alimpa Faith kofia nyingine, akakataa. Alisimama mbele ya watu na ile ya KEVIN. "Hii ni mum ameandika."

Kutojua kusoma nilishazoea. Lakini kumwacha mtoto anitetee peke yake, hiyo inanichoma hadi leo.

2008 shule zilipofunguliwa baada ya vurugu za uchaguzi, nilirudi gumbaru. Dawati la nyuma kabisa.

Juzi Faith amejiunga na college, anasomea ualimu wa nursery. Nikamwandikia jina kwenye sanduku, pole pole: FAITH. Akaliangalia, akacheka. "Mum, ongeza Kevin."

Nikaenda choo tena. Safari hii nilirudi.

Watu wanasema mji mzima utajua kusoma tukianzia nursery. Sawa, lakini mzazi naye akae ndani mpaka mwisho, hata akikosea.

Mliopitia gumbaru, wekeni zenu hapa. Hata mkicheka ni sawa, sitoki.