Ukurasa Waliounywa

Nilikuwa na sheria moja tu: kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, niandike ukurasa mzima, na ndani yake liwemo jambo ambalo mtu fulani wa nyumba yetu asingependa lijulikane. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa na adabu.

Siri yangu ilikuwa salama kwa sababu ya koko, mama mzaa baba. Yeye alinifundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wake, wachuuzi waliofika Kisangani zamani wakasahau kuondoka. Mama alisoma kwa masista, Kifaransa kitupu. Papa alitoroka chuo cha Kurani tangu utotoni, akajivunia hilo mpaka uzeeni. Na koko mwenyewe macho yalishaingia ukungu. Basi nikawaandika wote mbele ya macho yao. Koko aliiba ugoro wa jirani: niliandika. Papa, uhuru ulipokuja akapewa kiti cha Mzungu ofisini kule Makiso, akawa anavaa tai hata akienda chooni: niliandika, kurasa mbili.

Kisha waasi wakaingia mjini, na watu wa tai wakawa wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Papa akachoma tai, akachoma vyeti, akapanda darini juu ya chumba cha koko. Mama akaniambia nichome daftari langu pia. Nikachoma la hesabu. Lile liliungua vizuri sana, na moyo wangu ukatulia.

Ubaya wa papa ni kwamba alikoroma. Joto la mabati lilimlaza kila baada ya chakula, na hapo dari lote likaanza kunguruma. Mama akabuni dawa yake: papa akianza, yeye anashika mchi na kutwanga pondu, majani ya muhogo. Majani yalipoisha alitwanga kinu kitupu. Majirani walishangaa hii familia inakula pondu kiasi gani. Mimi nilicheka hadi mbavu zikauma, kisha nikaandika yote: dari, mkoromo, kinu kitupu. Ulikuwa upumbavu mtupu.

Wino ulikuwa bado mbichi waasi walipoingia. Walikuwa watatu: vijana wawili wenye majani ya kinga kichwani, na mzee mmoja mwembamba mwenye bunduki begani, mtu wa Maniema kwa lafudhi yake. Wakamwita mama atoke jikoni, asimame ukutani. Kinu kikanyamaza. Kijana mmoja akainua mkeka wangu, akaliona daftari.

“Hii kaye ni ya nani?”

“Ya kwangu,” nikasema. Sauti ilitoka kama ya kuku.

Alilifungua, akaona herufi, akaliachia kama kaa la moto. “Iko dawa!” akamwambia yule mzee. “Papa, angalia. Tukate makaratasi, tushone hirizi.”

Mzee akaliokota. Niliona macho yake yakianzia upande wa kulia wa karatasi, yakienda kushoto, na nikajua kwamba anasoma. Ndipo nikaogopa hasa. Nilikuwa nimemuua papa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa ajili ya kicheko. Na huko juu, kidogo kidogo, papa akaanza tena kunguruma, bado kwa sauti ndogo.

Mzee akafika mwisho wa ukurasa. Akanitazama. Akamtazama mama.

“Papa, inasema nini?” kijana akauliza.

“Hii haiko ya hirizi,” mzee akasema. “Hii iko kombe. Leta maji, mutoto.”

Kombe tulilijua sote: maandishi matakatifu unayaosha, maji yake mgonjwa anakunywa. Nikaleta bakuli, nusu ya maji nikiwa nimeyamwaga njiani. Mzee akaung’oa ukurasa, akautumbukiza, akausugua kwa dole gumba hadi wino wote ukatoka na maji yakawa ya buluu. Vijana wakavua majani kichwani, wakapokea kwa mikono miwili. Wakaunywa mkoromo wa papa, na dari, na kinu, mpaka tone la mwisho. Mmoja alifumba macho.

Mzee akanirudishia daftari. Mlangoni akageuka.

“Mama,” akasema, “nani alikuambia uache kutwanga? Twanga.”

Mama akatwanga. Alitwanga hata walipokwisha kupinda kona, machozi yakidondokea kinuni, na mimi nikalia nimeshika miguu yake. Yule mzee sikumwona tena, na kwa nini alifanya vile sijui. Mtu aliyesoma vile, nadhani, naye alijua siku moja angeweza kutafutwa kama papa.

Miaka mingi baadaye, papa akiwa mzee, uasi umekwisha na tai mpya shingoni, aliniomba nimsomee daftari lile. Nilimsomea yote, hata kurasa za tai. Alikunja uso, akacheka, akahesabu kurasa vidole vyangu vilipozifunua. Tulipofika mahali palipong’olewa akaniuliza ukurasa huo ulisema nini.

“Ulisema unakoroma.”

“Uongo!” akasema. “Mimi sijapata kukoroma hata siku moja.”

Kutoka jikoni, mama akagonga kinu kitupu mara moja.