Waya Wangu Juu ya Mitungi ya Wifi

Binti wa wifi yangu kaning'ang'ania niandike habari za mama yake. Mimi niliyeishia darasa la pili! Haya, naandika mara moja tu, nisiulizwe tena.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliuza mitungi ya gesi uani kwetu. Masikio yake kama ya paka: mtungi ukipumua kidogo tu, anaukagua koki kwa povu la sabuni. Mimi nilifua nguo za watu. Waya wangu wa kuanikia, chuma kitupu, hatua arobaini, ulifungwa kwenye miti miwili na kupita juu ya kizimba chake cha mitungi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mnara wa redio.

Siku moja akaniambia, "Wifi, waya wako unauma."

"Umeota meno?"

"Sitanii. Redio ikiwa hewani nikiugusa, unatoa cheche. Wakizima mitambo saa nane, kimya. Uteremshe, ufunge kamba."

"Haukuungwa popote, umeme utoke wapi? Labda nyimbo za mapenzi ndizo zinakuchoma. Mwambie kaka yangu!"

Uani wote wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alirudi tena na kamba mpya, kaninunulia mwenyewe. Nikaikataa. Anifundishe kuanika, mimi niliyeanza kufua yeye hajaolewa?

Asubuhi moja alikuwa kainama kizimbani. "Wifi, ngoja!" akapiga kelele. "Mtungi unavuja, usianike!"

"Nguo zangu haziombi ruhusa."

Nikatupia blanketi lililolowa chapachapa. Waya ukalegea, ukagusa chuma cha kizimba. Cheche yenyewe ndogo, kama jicho la sisimizi. Kisha moto ukamvaa.

Fundi wa mnara alisema baadaye kwamba waya mrefu hunasa nguvu ya redio wenyewe, bila kuungwa na chochote. Wifi yangu alishalijua hilo kwa vidole vyake. Vidole vyenyewe leo havifungi hata kifungo.

Hospitali sikwenda. Nikawaambia watu kosa ni la mtungi wake mbovu. Miaka kumi na moja nasema hivyo hivyo, hadi kaka na wifi wakahama. Nilikuwa naongopa.

Haya, binti, umepata ulichotaka. Sasa kamsomee mama yako yote, hata pale pa blanketi, usinipambe. Halafu uniletee jibu lake. Likiwa tusi, niletee tusi, usilipunguze.