Kiti cha Bibi

Katikati ya miaka ya tisini sikumjua mwanasaikolojia mwingine Shinyanga nzima. Hospitali ilinipa stoo ya zamani ya vitanda vibovu iwe ofisi yangu ya vijana. Watu waliniita daktari wa vichaa, na wazazi hawakutaka watoto wao waonekane kwenye benchi langu. Nilishinda humo peke yangu, nikiwasikia wenzangu wakicheka kwenye dirisha la dawa. Upweke ule ulinitafuna, sitaki kudanganya.

Siku moja bibi mmoja akamleta mjukuu wake kutoka upande wa Masumbwe. Kaka wa binti huyo alikuwa amefukiwa kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu. Tangu siku hiyo, miezi saba, binti hakuwa ametamka neno. Bibi akavuta pumzi aanze kusimulia. Nikamkatiza. Chuoni nilifundishwa faragha, na nilitaka nionekane nimesoma.

"Bibi, naomba utupishe kidogo."

Nikafunga mlango. Mimi, Msukuma wa kuzaliwa! Nyumbani kwetu kijana hakujisimulia msiba wake. Mkubwa wake ndiye aliyeusema, yeye akiwa kando anasikiliza. Nimelelewa hivyo, nikasahau kwa sababu ya cheti. Binti alitazama ule mlango saa nzima. Hawakurudi tena.

Niliwasubiri wiki tatu, kisha nikadandia lori la pamba kuwafuata. Nikawakuta uani wanabangua karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo hunitoi nje?"

"Leo unitoe wewe, bibi."

Akacheka, akanisogezea ungo. Nikakaa chini nikabangua nao. Hakuharakisha. Alianza kusimulia kwa Kisukuma, utoto wa yule kaka wa binti kwanza, kisha safari yake ya machimboni, kisha siku yenyewe.

"Walipoleta habari nilikuwa hapa natwanga mahindi."

"Mtama, bibi," binti akasema, macho kwenye karanga. "Ulikuwa unatwanga mtama."

Mikono ya bibi ikasimama.

"Kweli," akasema taratibu. "Ulikuwa mtama."

Akaendelea kusimulia, na mjukuu akaendelea kumsahihisha.

Kesho yake jioni nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga na furaha tele, nikatafuta wa kumwambia, nikamkosa. Asubuhi nikabeba kiti changu cha pekee, nikakipeleka ofisini kiwe cha mabibi watakaoleta wajukuu. Nyumbani nikawa nakaa kitandani. Mgeni wa kukikalia sikuwa naye.