Tola ya Udi

Dukani kwa muuza manukato Kariakoo, mama mmoja alinunua tola ya mafuta ya udi, ya kutia kwenye begi ambalo mpwa wake, bwana harusi, anampelekea bibi harusi. Muuzaji alijaza kichupa hadi mabegani.

"Mwanangu, mashangazi wa bibi harusi watakiinua kwenye taa. Unataka tuaibike? Jaza hadi shingoni."

"Mama, tola ni kipimo hichohicho tangu kilipotoka India."

"Wahindi hawaji harusini."

Muuzaji akacheka, akaongeza. Mama akafungua kuhakiki harufu: akajipaka mikononi, nyuma ya masikio, kwenye ncha za mtandio. Alipokiinua kichupa kwenye taa, mafuta yalikuwa yamerudi mabegani mwake.

"Sasa ndiyo tola," muuzaji akasema.

Wakwe wakiona imepungua, wamnuse shangazi wa bwana harusi.