Mguu wa Klachi

Usinihurumie, nisikilize tu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na mimi si mtu wa kushabikia mambo ya mashetani. Nina duka la vitenge Kasulu mjini, nasali, nalala mapema, na mteja akija kunisimulia habari za majini huwa namwuliza kama ananunua au anapita. Sasa leo msimulizi nimekuwa mimi. Ukitaka kucheka, cheka, lakini kwanza njoo uone zulia la gari langu, pale unapokaa mguu wa kushoto wa dereva.

Mguu huo ndio kisa chenyewe. Utotoni niliugua homa kali. Mimi nikapona, mguu wa kushoto haukupona, na tangu hapo natembea kwa kuchechemea. Lakini kuendesha gari najua, tena vizuri. Marehemu baba alinifundisha kule Muyama kwenye pikapu yake ya kubebea mihogo. Ilikuwa ya manyuo, gia za kubadilisha kwa mkono, klachi yake nzito ajabu, na mimi nilikuwa naikanyaga kwa kulisukuma goti kwa mkono. Baba alikuwa anageuza uso dirishani ili asione ninavyouma meno.

Kwa hiyo nilipofikia kununua gari, nilitaka lile nililoliota siku zote: gari la spoti, milango miwili, tumbo chini, mngurumo unaosikika kabla hujafika. Mdogo wangu Idi hakupinga. Alichopinga ni gia.

"Dada, chukua oto," aliniambia. "Mguu wa kushoto unaupumzisha. Unakanyaga mafuta na breki, basi."

"Spoti ya oto ni sofa," nikamjibu.

"Bora sofa kuliko jeneza."

Alinikera, na alinikera kwa sababu alikuwa anasema kweli. Maisha yangu yote watu wamekuwa wakiutazama mguu huu kabla ya kunitazama mimi. Kiti wananichagulia, viatu wananichagulia, hata wachumba walipokuja walichaguliwa kwa kuangalia mguu. Nikaapa kwamba gari nitachagua mwenyewe.

Tukaenda Kibondo kwa Mzee Lorani. Huyu ni Mrundi kwa asili, raia wa hapa wa siku nyingi, anauza magari yaliyotumika na alifahamiana na baba. Alikuwa na mawili yanayofanana kabisa, jeupe la oto na jekundu la manyuo. Akaniambia niyajaribu yote kwa zamu. Idi akabaki naye kama dhamana, anakunywa chai.

"Shika njia ya Busunzu," mzee alisema. "Ukifika juu ya mteremko, geuza. Usiushuke, mama. Geuza juu kulekule."

Nilidhani anaionea huruma klachi yake.

Nikaanza na jeupe. Halina kasoro, nakuambia kweli. Unaweka D, linakwenda, nawe huna kazi. Nililirudisha nikiwa nimechoka kwa kutochoka. Kisha nikaingia kwenye jekundu. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na injini inapiga kelele mgongoni mwangu kama inaniita jina. Nilifurahi hadi machozi. Ila kila nilipokanyaga klachi paja liliwaka moto, na kabla sijafika mbali nilikuwa nimeshaanza kulisukuma goti kwa mkono. Nikaona wazi kwamba Idi atashinda. Nikaamua basi angalau nifike mteremkoni, niliage vizuri.

Ilikuwa baada ya alasiri, mvua imetoka kukatika, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka mabondeni. Huku kwetu ukungu ukishuka hata saa za mchana unawasha taa. Karibu na kileleni nikaona matawi barabarani.

Kila dereva anajua maana ya matawi. Gari limeharibika mbele, punguza mwendo. Nikapunguza. Nikatazama mbele, hakuna gari. Nikapiga honi, hakuna aliyeitika. Matawi yalikuwa mabichi, yamekatwa siku hiyohiyo, yamepangwa vizuri upande wangu wote. Gari lingine lingepita juu yake bila shida, lakini jekundu lilikuwa chini mno, lingebomoka tumbo. Kuhamia upande wa pili kwenye ukungu ule ni kutafuta kufa. Sasa wewe ungefanyaje? Nikashuka, nikayaokota moja moja, nikayatupa mtaroni.

Niliporudi garini kulikuwa na mtu kwenye kiti cha kushoto.

Mlango haukuwa umefunguliwa, niamini. Nilikuwa nimesimama palepale. Alikuwa mwanamume wa makamo, koti la kaki limelowa, ananuka dizeli na maharage mabichi. Alikuwa anatazama mbele tu.

"Mwiriwe, mama," alinisalimu kwa Kirundi, kwa upole. "Urakoze, asante kwa kuniondolea matawi. Gari yangu imepona. Tugende, twende."

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Kwa mguu upi?

Niliingia kwa sababu usukani nilioujua ulikuwa mle ndani, na nje kulikuwa na ukungu tu. Nikasema nitageuza, nirudi Kibondo, nikamshushie Mzee Lorani mgeni wake. Nikakanyaga klachi. Ikashuka kama hakuna kitu. Nikaiachia, nikakanyaga tena. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa na nguvu! Ulikuwa wa moto, umejaa, unasikia kila ninachouambia. Nilicheka. Naam, nilicheka kwa sauti, pembeni yangu kakaa mtu aliyeingia bila mlango.

"Nimekuazima wangu," alisema. "Wewe una gari, mimi nina mguu. Chukua hii nyekundu, mama. Tutaendesha pamoja siku zote."

"Unakwenda wapi, kaka?" nilimwuliza.

"Nilikokuwa nakwenda."

Hapo nikamtazama chini. Suruali yake upande wa kushoto ilikuwa tupu, imelala kitini.

Kwa utamu ule wa mguu nilikuwa nimeshatia gia na kwenda mbele badala ya kugeuza. Nilikata usukani nigeuze, nikachelewa. Pua ya gari ilikuwa imeshaanza kuinama. Mguu wa kushoto ukakanyaga klachi hadi chini, na sikuwa mimi niliyeukanyagisha. Mngurumo ukafa. Gari likaanza kushuka lenyewe, jepesi, kasi inaongezeka, na kilichosikika ni matairi tu kwenye lami iliyolowa.

Nilijua anafanya nini. Madereva wengi wa milima hii hufanya hivyo ili kubana mafuta, wanaita kuachia fri. Baba aliniambia siku akinikuta naachia fri atanishusha na kuninyang'anya ufunguo. Injini ikishaachana na magurudumu, gari lako limebaki na breki peke yake.

"Toa mguu!" nilipiga kelele.

"Acha itembee yenyewe," alisema, hata hakupandisha sauti. "Mafuta ya tajiri yanabaki, jioni mtu unauza dumu lako. Mimi hapa nashukaga hivi kila safari."

Nililipiga goti langu kwa ngumi. Nikalivuta kwa mkono, lilelile goti nililokuwa nalisukuma tangu utoto, sasa nalivuta juu nalo halisogei. Nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia. Zikashika, kisha harufu ya kuungua ikaingia ndani, kisha pedeli ikaanza kulainika. Kona ilikuwa inakuja kwenye ukungu. Nikasema Mungu wangu, nitakufa kwa mguu mzima.

Nikashika hendibreki. Nikaivuta kidogo, nikaachia, nikaivuta tena, kama baba alivyonionyesha, huku nalipeleka gari upande wa mlima. Likaingia mtaroni, likakwaruza ukuta wa udongo, likalia vibaya sana, likasimama limelala ubavu. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu na kimelowa chapachapa. Mguu wangu bado ulikuwa umekanyaga klachi.

Nikatoka kwa kupanda juu ya mlango. Nikasimama wima, mabega sawa, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto mdogo. Hapo nikasikia, juu kule kileleni ndani ya ukungu, matairi makubwa yakianza kuzunguka polepole. Lori, na halina mlio wa injini.

Sikuhitaji kuambiwa. Matawi yakiwa barabarani, gari la yule mtu limeharibika na limesimama. Mimi nimeyaondoa, kwa hiyo sasa lina safari. Na jioni ile kulikuwa na watu wanaotoka mnadani kurudi makwao, akina mama na mizigo kichwani, wanaupanda mteremko uleule.

Nikakimbia. Unasikia? Mimi nilikimbia, tena kupanda mlima. Miguu yote miwili ilipiga lami sawasawa, pumzi ikanijaa, upepo ukaingia kwenye mtandio, na sijawahi kuonja utamu kama ule. Nilikuwa naogopa na nilikuwa na furaha, yote kwa pamoja. Sauti yake ikawa inanifuata pembeni, palepale sikioni.

"Yaache, mama. Ukiyaacha, mguu ni wako kabisa."

Nikafika mtaroni. Nikashika tawi la kwanza na mikono ikagoma. Nitakueleza ukweli wangu: nilisimama. Nilisikia lori linakaribia, nilisikia pia chini kule wanawake wanacheka kwa Kiha, na bado nilisimama nimeshika tawi, nautazama mguu wangu ulionyooka. Mmoja wao akacheka tena. Nikaanza kuyapanga.

Niliyapanga huku nalia. Kwa kila tawi mguu ulipungua. Nilipoweka la mwisho goti likakunjika, nikaanguka juu ya majani, na matairi yakanyamaza karibu yangu kiasi kwamba nilihisi joto la breki usoni. Sikuona kitu. Baadaye wale akina mama wakatokea kwenye ukungu, wakanisaidia kukaa, na walipopita pale wakayazunguka matawi kwa heshima, kama mtu anayezunguka mkeka wa msiba.

Idi na Mzee Lorani wakanikuta nimekaa pembeni. Walikuwa wamekuja na lile jeupe. Mzee hakuliulizia gari lake.

"Uliyaondoa?" alisema.

"Nimeyarudisha."

"Yote?"

"Yote, mzee."

Akavua kofia, akajifuta uso. "Yoo, mama. Ni kosa langu, ningekueleza. Dereva wa lori la maharage, enzi za vumbi, kabla ya lami. Aliachia fri, breki zikamkataa. Walimtoa, mguu wa kushoto ukabaki kule chini na klachi yake. Tangu hapo watu wa hapa wanakata matawi mabichi kila mvua. Hakuna anayeyagusa."

Nilinunua jeupe siku ileile. Idi aliliendesha hadi Kasulu.

Sasa kuhusu zulia. Mguu wangu umerudi ulivyokuwa, hauna nguvu ya kukamua chungwa. Lakini kila ninaposhuka mteremko, uwe wa Munanila au huu mdogo wa kwenda sokoni, unajikaza wenyewe na kukanyaga sakafuni, pale ambapo kwenye gari la manyuo pangekuwa na klachi. Pale hakuna kitu, gari la oto halina cha kumpa yule dereva, nalo linaendelea kushuka na injini yake. Zulia limetoboka kwa umbo la kisigino cha kiatu kikubwa cha kiume. Fundi alibadilisha zulia, likatoboka tena, akaniuliza kama kuna mtu mwingine anaendesha. Nikamwambia aweke mpira.

Kwa hiyo nawe unayesafiri huku, ukikuta matawi barabarani na huoni gari lililoharibika, usiyaguse. Zunguka. Kama ukungu haukuruhusu kuzunguka, rudi ulikotoka, hata kama umechelewa. Na ukiwa juu ya mteremko acha injini ikushike, mafuta utanunua mengine.

Mimi njia ile siipiti tena bila Idi pembeni yangu. Watu wanadhani namwogopa yule dereva. Simwogopi. Naogopa nikifika pale peke yangu, nikayaona yale matawi yamepangwa, nitashuka niyaondoe.