Upepo wa Kuanikia Mazulia

Kila asubuhi baba, mwenye nyumba niliyofanyia kazi Riyadh, alikuwa akinywa kahawa huku akisoma hali ya hewa kwenye simu kwa sauti, watu wote wasikie wapende wasipende. Wiki ile ya Machi baridi ilikuwa inaondoka. Akasoma: upepo Jumatatu na Jumanne, kisha joto na ukavu kuanzia Jumatano. Mimi nimesimama pale na birika mkononi, nacheka kimoyomoyo. Mtu mzima gani anaambiwa na simu kwamba kuna upepo? Mimi nimezaliwa Kinangop, milimani Kenya, na tangu utotoni nilikuwa nikitoa kichwa dirishani mara moja tu na kumwambia mama leo tufue au tusifue. Sikuwahi kukosea. Au labda nilikosea na mama akanyamaza tu, maana nilikuwa mtoto wa kununa.

Wiki hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Dada yangu mkubwa alikuwa Jeddah, mtaa wa Nuzha, akifanya kazi kama yangu. Tulikuja na ajenti mmoja, ndege moja, kisha kila mmoja akachukuliwa na watu wake pale uwanjani, na tangu siku hiyo hatukuonana tena ila kwenye simu. Sasa mkataba wake ulikuwa umeisha. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alishamtolea karatasi za kuondoka, na Ijumaa alasiri alikuwa anapanda ndege kurudi Kenya, harudi tena. Kwa bahati madam wangu, mke wa baba, alikuwa akiwapeleka watoto likizo kwa mama yake, Al-Hamra, hukohuko Jeddah, Alhamisi asubuhi. Nikamwomba twende wote. Akafikiri kidogo, akasema, "Mazulia ya majlisi ya wageni yafuliwe, yakauke, yakunjwe. Yakiwa tayari, utapanda ndege na sisi. Yasipokuwa tayari utabaki nayo."

Hapo hata mtoto wa chekechea angejua la kufanya. Ngoja Jumatano, fua asubuhi, kunja jioni, Alhamisi panda ndege. Lakini mimi na kiherehere changu, Jumanne mapema nilikuwa napanda ngazi za kwenda juu ya nyumba na zulia begani. Dereva wa nyumba, mwanamume wa Mombasa asiyependa haraka, akanikuta hapo.

"Dada, wapeleka wapi hilo?"

"Kufua. Huoni upepo ulivyo mzuri?"

"Huu si upepo wa kuanikia nguo. Ngoja kesho."

"Kaka, nyinyi watu wa pwani kazi yenu ni kungoja."

"Haya, mjuaji," akasema. "Mie hata gari sioshi leo."

Ningekuwa na akili hata ya kuazima, hilo neno la gari lingenitosha. Kwetu upepo na jua kidogo ndiyo siku ya kufua, ukikosa siku hiyo unaweza kuvaa nguo mbichi wiki nzima. Basi nikakunja gauni, nikapanda juu ya mazulia na kuyakanyaga kwa sabuni huku naimba nyimbo za kanisani, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Maji nilimwaga kama mtu aliyezaliwa kwenye tangi. Kufika adhuhuri yote yalikuwa yametandazwa kwenye ukuta, mekundu, safi, yanachuruzika. Nikayapiga picha nikamtumia dada, nikaandika: Alhamisi niko huko.

Baadaye nikasikia harufu ya udongo. Ewe unayesoma, kama unatoka kwetu unajua harufu ya udongo ni nini. Ni mvua. Nikakimbia juu, nikaanua nguo za watoto, na mazulia nikayaacha makusudi, nikijiambia mvua itayasuuza sabuni iliyobaki. Nilijisifu kabisa kwa wazo hilo. Nilipofika mlangoni na lile furushi nikageuka kutazama mawingu, na sikuona wingu hata moja. Mbingu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na jengo la jirani lilikuwa halionekani tena.

Lile vumbi lilivuma hadi jioni. Zulia kavu ungelikung'uta. Zulia bichi linakunywa vumbi, na langu lilikunywa likashiba. Mama yake baba, ambaye sote tulimwita hajja, alipanda akafungua mlango, akatazama lile tope, akaufunga mlango polepole. Nilitamani anigombeze.

Jumatano jua lilitoka kama simu ilivyosema, joto, kavu, hewa imetulia. Siku nzuri sana ya kufua. Nikafungua bomba likakohoa. Mafi moya, nikamwambia madam, maji hakuna, nimeyamaliza jana. Lori la maji lilikuja jioni. Alhamisi madam akapanda ndege na watoto, akaniambia "Halas, maliza," bila ubaya wowote, na mimi nikabaki juu ya nyumba nakanyaga mazulia yaleyale. Safari hii sikuimba. Kufika alasiri yalikuwa yamekauka hadi yanaparuza mikono.

Nafasi moja ilikuwa imebaki. Hajja alikuwa anaogopa ndege, na alikuwa asafiri kuwafuata Jeddah kwa gari na dereva Ijumaa alfajiri. Akakubali twende wote. Nikamwandikia dada aningoje. Lakini Jeddah ni mbali, na hajja ni mtu wa kusimama: chai, kunyoosha magoti, sala, chai tena. Mimi nyuma naitazama simu hadi akaniuliza kuna nini. Nikamweleza. Akamgusa dereva begani, akamwambia tupitie Nuzha kwanza, kisha ndiyo Al-Hamra. Hatukusimama tena.

Mlango ulifunguliwa na msichana wa Kihabeshi aliyefanya kazi na dada. Akaonyesha kwa mkono upande wa uwanja wa ndege. Nikapiga simu, imezimwa. Akarudi ndani akaniletea kifurushi cha kitambaa, akasema dada alisimama hapo mlangoni, anaingia anatoka, anaingia anatoka, hadi bosi wake akapiga honi.

Nikarudi kwenye gari nikalia, mbele ya hajja, bila aibu. Dereva alikuwa na haki yote ya kuniambia alinionya. Aliendesha taratibu tu, na ndege zilikuwa zinapita juu yetu chinichini, sijui yake ni ipi. Nikafungua kifurushi mapajani. Alikuwa amenipikia chapati, na zilikuwa bado vuguvugu.