Lebo Iliyofutika kwenye Sauti ya Marehemu

Redioni kwetu wafiwa hawapangi foleni. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini mfanyakazi mpya huijua siku yake ya kwanza. Mtu akiingia na habari ya msiba, yeyote aliye karibu na mlango humwita, humpa kiti na kuacha alichokuwa akifanya. Wakija wawili, wanahudumiwa kwenye meza mbili kwa wakati mmoja. Kumwambia mtu aliyetoka kuosha maiti asubiri zamu yake ni jambo ambalo Ujiji nzima ingelisimulia kabla ya jua kuzama.

Naanza na hilo kwa sababu adabu hiyo ndiyo iliyotuingiza matatani.

Kazi yangu ni kukusanya sauti. Natembea na kinasa sauti kando ya ziwa na milimani, naongea na wachuuzi wa dagaa, mafundi, wakulima wa kahawa wanaoshuka kutoka Kalinzi. Sauti hizo huhifadhiwa kwenye kompyuta iliyo chumba cha nyuma, inayoendeshwa kwa Linux, na kila alasiri saa kumi programu huchagua zilizo tayari na kuzirusha hewani yenyewe, hata kama studio haina mtu. Aliyeipanga hivyo ni fundi wetu wa kompyuta, mwanamume wa rika langu, Muha wa Kalinzi. Hakutaka tuandike habari za msemaji kwenye jina la faili, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa akifupisha apendavyo. Alitumia nafasi ambayo mfumo wa mafaili wa Linux unayo tayari: kila faili linaweza kubeba maneno machache pembeni yake, nje ya sauti yenyewe. Wataalamu huyaita sifa za ziada. Sisi tuliyaita lebo. Humo tuliandika nani anaongea, wapi, kwa lugha gani, na kama ruhusa ya kurusha ipo.

"Ni kama jina lililoshonwa ndani ya kola," aliniambia. "Shati likienda, jina linakwenda."

Mzee ninayetaka kumwelezea alikuwa fundi wa mitumbwi. Nilimkuta ufukweni Ujiji, hatua chache chini ya nyumba yake, akiziba nyufa za mbao kwa pamba iliyolowekwa mawese. Hakuacha kazi ili aongee nami, kwa hiyo nyundo yake inasikika mwanzo hadi mwisho. Nilimuuliza kama mkewe hachoki na kelele. Akacheka.

"Achoke? Anaisikiliza hii nyundo kuliko anavyonisikiliza mimi. Ikinyamaza sana, anakuja mwenyewe kuniangalia kama bado mzima."

Sauti hiyo ilikuwa bado inasubiri zamu yake wakati mzee alipofariki.

Asubuhi ya msiba waliingia watu wawili karibu pamoja. Wa kwanza alikuwa kaka wa mjane, mtu mrefu wa familia ambayo wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Nilimwita mezani kwangu. Wa pili alikuwa mpwa wa marehemu, aliyefika kutoka Mwandiga akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Huyo alikwenda meza ya pili, kwa mtangazaji wetu.

Kaka wa mjane alinipa tangazo la mazishi. Kisha akainama kidogo.

"Dada, nasikia mnayo sauti ya shemeji yangu."

"Tunayo, kaka."

"Dada yangu anaingia eda. Miezi minne na siku kumi yuko ndani, na mtaa ule kila nyumba redio iko dirishani. Hatakuwa na pa kukimbilia. Amenituma niwaambie, msimrudishie sauti yake akiwa ndani."

Nikafungua lebo ya faili lile na kuandika: marehemu, isirushwe mpaka mjane aseme. Nikahifadhi. Nikamgeuzia kioo ili asome mwenyewe. Alisoma polepole, midomo ikicheza, akaitikia kwa kichwa.

Muda huohuo, meza ya pili, mpwa alikuwa ameisoma lebo ileile kwenye kioo cha mtangazaji, anagomba kwa sauti ya chini.

"Mmemwandika mvuvi. Mjomba hakuwahi kuvua hata mgebuka mmoja. Alikuwa anaogopa maji."

"Fundi mitumbwi anaogopa maji?" mtangazaji akauliza.

"Ndiyo maana mitumbwi yake haivuji, bwana! Andika vizuri, asije akafufuka akatutukana."

Mtangazaji akatabasamu bila kutoa sauti, kama inavyofaa mbele ya mfiwa, akafuta neno mvuvi kwenye lebo, akaandika fundi mitumbwi, akahifadhi. Wageni wetu wakatoka pamoja, wakishikana mkono mlangoni.

Wiki ya pili ya eda nilikuwa sokoni Mwanga, kwa fundi cherehani, nikimrekodi. Redio yake ilikuwa juu ya marobota ya vitambaa. Nikasikia nyundo. Sikuielewa mara moja. Nilidhani ni jirani anagonga bati. Kisha mzee akacheka redioni.

Nilipiga simu studio. Mtangazaji akapokea.

"Zima hiyo! Imeandikwa isirushwe."

"Sioni hilo neno, dada. Naisoma hapa: fundi mitumbwi, Ujiji, tayari."

"Niliandika mwenyewe."

"Basi limekwenda wapi?"

Tulipomaliza kubishana kipindi kilikuwa kimekwisha.

Yaliyotokea Ujiji nilielezwa kesho yake na jirani, mwanamke anayekaanga samaki kwenye kona ya mtaa ule. Mjane alikuwa ndani akipepeta mchele. Nyundo ikalia nyumba ya kushoto, ikalia na ya mbele. Kisha kipindi kikaisha na nyundo ikanyamaza. Aliweka ungo chini, akafungua mlango, akateremka ufukweni kichwa wazi. Alifika kwenye mtumbwi ambao haujamalizika na kusimama. Wanawake wakamfuata na khanga, wakamrudisha.

"Hakulia," jirani aliniambia. "Alikuwa anamwita tu, kama mtu anayeita aje kula."

Lililomuumiza zaidi lilikuja baadaye. Pale mtaani wapo waliosema mama yule amevunja eda yake, na wengine walilisema karibu na dirisha lake.

Kaka yake alirudi redioni. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Ulinionyesha. Nilisoma kwa macho yangu. Ulifuta nilipogeuza mgongo?"

"Sikufuta, kaka."

"Basi ilijifuta?"

Meneja akatoka ofisini kwake akasema sauti hiyo itafutwa kabisa, siku hiyohiyo. Ila mpwa wa Mwandiga alikuwa amekwisha kupata habari, na akampigia meneja simu, meneja akiwa bado amesimama nasi. Sote tulimsikia.

"Mkifuta mmemzika mara ya pili! Hatuna nyingine. Hata kwenye simu hayumo, alikuwa hapendi simu."

Meneja alimtazama kaka, akamtazama fundi wetu wa kompyuta. Akasema tungoje mpaka Ijumaa. Kama fundi hataweza kuonyesha lebo ilipotelea wapi, na kwamba haitapotea tena, faili litafutwa mbele ya familia.

Fundi alikaa na tatizo hilo chumba cha nyuma, nami nilikaa naye kila nilipopata nafasi, kwa kuwa jina langu pia lilikuwa linasubiri Ijumaa. Siku ya pili aliniita mimi na mtangazaji, akatukalisha kila mmoja kwenye meza yake ya asubuhi ile, akatuambia tufungue faili moja la majaribio.

"Dada, andika isirushwe. Hifadhi. Sasa wewe bwana, badilisha kazi ya mtu. Hifadhi."

Tukafanya. Akafungua lebo. Neno langu halikuwepo. Hakuna onyo lililotokea, wala alama nyekundu, wala mlio.

Alieleza taratibu. Programu yetu ilisoma lebo nzima kama karatasi moja, ikampa kila mtu nakala yake, na mtu alipomaliza iliirudisha karatasi nzima. Mimi na mtangazaji tulichukua nakala ileile ya zamani. Nilirudisha yangu yenye katazo. Yeye akarudisha yake, isiyojua chochote kuhusu katazo, ikakaa juu ya yangu.

"Kwani Linux haina kufuli?" nikauliza.

"Inalo. Linafungwa wakati wa kuandika, kitambo kidogo tu, ili maneno ya watu wawili yasichanganyike. Hayakuchanganyika. Ila mfumo haujui kwamba alichosoma mwenzako kimeshapitwa na wakati. Hilo ni la programu kujua, na programu niliiandika mimi."

"Kwa hiyo nani kakosea pale mezani?" mtangazaji akauliza, na niliona anauliza ili moyo wake utulie.

"Hakuna. Wote mlifanya sawasawa. Mngewapanga foleni, isingetokea."

Nadhani kila mmoja alikuwa anajaribu kuwaza kumwambia mfiwa asubiri.

Marekebisho yake ya kwanza yalitufikisha hukohuko. Aliweka kufuli la programu tangu mtu anapofungua lebo hadi anapoifunga. Mchana ule mtangazaji aliacha lebo ya tangazo moja la msiba wazi kwenye kompyuta yake, akaenda kuswali. Mama mmoja wa Mwanga akaja kubadilisha tangazo hilohilo, la mwanawe aliyefariki, saa ya mazishi imesogezwa mbele, na meza yangu ikakataa kuandika. Alisubiri, mikono mapajani, akitazama mlango ambao mtangazaji angeingilia. Mtangazaji aliporudi na kumwona, alivua kofia.

Fundi akavunja kazi yake akaanza upya. Safari hii kila jambo lilipata lebo yake, katazo likawa peke yake, mbali na jina na kazi. Kufuli likawa linashikwa wakati wa kuhifadhi tu: programu inalifunga, inaisoma lebo tena, na kama kuna mtu aliyeigusa tangu ulipoifungua, inakataa na kukuonyesha maandishi yote mawili, uamue. Na kabla ya kurusha chochote, programu ya kurusha inatafuta katazo kwanza.

Tulijaribu mpaka vidole vikauma. Mtangazaji alikuwa amerudiwa na utani wake.

"Moja, mbili, tatu, bonyeza! Dada, umechelewa, migebuka unanunua wewe."

"Nimekataliwa, sijachelewa."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Ijumaa kaka wa mjane alikuja baada ya swala. Alimsalimu fundi kwa Kiha, "Mwakeye," salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa mchana, na fundi akaitikia bila kumsahihisha. Tulimwonyesha kila kitu. Akaomba aketi mwenyewe kwenye meza moja nami nyingine, akajaribu kuliondoa katazo langu kwa kuandika juu yake. Lilikataa. Akajaribu tena. Uso wake ulilegea kidogo.

Kisha akauliza, "Na ikitoka humu?"

Fundi angeweza kusema haitoki. Badala yake alichukua flashi kwenye droo, akanakili faili la majaribio, akalifungua kutoka kwenye flashi. Sauti ilikuwepo. Lebo haikuwepo, hata moja.

"Flashi hizi za dukani hazijui kubeba lebo," alisema. "Sauti inakwenda, jina linabaki."

"Na simu?"

"Simu ndiyo kabisa."

Kaka alitoa simu yake mfukoni, akaibonyeza, akaiweka mezani kati yetu. Nyundo. Kicheko. Pembeni kuku wanalia, na mtoto anaitwa aje kuoga. Mtu alikuwa amerekodi redio yake uani.

"Hii nimetumiwa jana na binamu yangu aliye Kalemie, ng'ambo ya ziwa," alisema. "Na yeye katumiwa."

Meneja aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa tufute, au tuache?"

"Muulizeni mwenyewe. Mtumeni huyu dada, mwanamke ataingia."

Nilikwenda Jumapili. Chumba kilikuwa safi na chenye giza kidogo, ungo umeegemezwa ukutani. Mjane alikuwa amekaa mkekani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha pa kukaa. Nilimweleza meza mbili, nakala mbili, kufuli jipya. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kunikatisha.

"Kwa hiyo hukufuta."

"Sikufuta, mama."

"Nilijua. Kaka yangu ana hasira tu." Akanyoosha khanga yake. "Sasa imefungwa?"

"Kwenye kompyuta yetu imefungwa."

"Na huko nje?"

"Huko nje hatuwezi kufunga."

"Wangapi wanayo?"

"Sijui, mama."

"Wewe si ndiye unayeuliza watu maswali kutwa? Hilo hukuuliza?"

Nilitazama mkeka. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana lilinikaa.

"Msifute," alisema baadaye. "Watu wote wanayo, mimi peke yangu ndiyo nisiwe nayo? Siku nikitoka eda, mniletee, niisikilize nikiwa nimekaa. Nimejiandaa. Si kwa kuviziwa dirishani." Kisha akauliza saa ngapi.

Nikamwambia kumi inakaribia.

"Basi kabla hujaondoka, mwanangu, nifungie hilo dirisha."

Nilimwambia kwamba leo ni kipindi cha mafundi cherehani, kwamba nimehakikisha mwenyewe. Alisema amesikia. Nikanyanyuka nikafunga dirisha, chumba kikaanza kupata joto papo hapo, na nyumba ya mbele mtu akafungua redio.